Upofu sio giza: tulichofundishwa na muvi, nyimbo na michoro kuhusu macho

Nikialikwa kuongea na watu kuhusu macho huwa naanza na zoezi moja, nawaambia fumbeni macho dakika moja halafu mniambie mmejifunza nini kuhusu mtu asiyeona, na karibu kila mara jibu ni lile lile: giza, dokta tumeona giza, inatisha. Nawaambia haya fumbueni, hapo mmejifunza jinsi ilivyo kwa mtu anayeona akifumba macho, basi.

Mi ni mtaalamu wa macho, nusu ya kazi yangu ni kliniki na nusu ni kuzunguka kutoa elimu, na kadiri ninavyozunguka ndo nazidi kuona kwamba watu wengi upofu hawajafundishwa na daktari, wamefundishwa na muvi na nyimbo. Ukisikia upofu kwenye wimbo ujue giza liko njiani, mchoraji naye anakuchorea mzee kainama kakonda, kwenye muvi jamaa kavaa miwani myeusi ananyoosha mikono mbele huku anagonga meza. Sanaa ni kitu kizuri sana na naipenda, lakini hiyo picha moja ya giza inaumiza watu kweli kweli na nataka nieleze inaumizaje.

Kuna mzee mmoja alikuja kliniki akiwa ameshapoteza karibu upana wote wa uoni wake, amebakiwa na kitundu cha katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Ilikuwa glakoma, ile wengi wanaiita presha ya macho. Nikamuuliza mzee wangu mbona umechelewa hivi, akanijibu kwa upole kabisa, dokta mi nilikuwa naona, sijawahi kuona giza hata siku moja. Alikuwa anajigonga mabega kwenye milango, anaangusha vikombe vilivyo pembeni ya meza, watu wakitokea ubavuni anashtuka, lakini lile giza alilokuwa analisubiri halikuja kwa hiyo akajihesabu mzima.

Na glakoma ndivyo ilivyo. Mara nyingi presha ndani ya jicho inapanda na kuuminya mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, miaka na miaka, kwa aina iliyozoeleka zaidi haiumi hata kidogo, inaanza kula pembeni. Pale palipokufa hapabaki tundu jeusi, ubongo unapaziba kwa kukisia kutokana na vilivyo jirani, kwa hiyo mtu haoni kwamba haoni. Kilichopotea hakirudi, dawa za matone na oparesheni vinalinda kilichobaki tu, ndo maana tunawasumbua watu waje kupima presha ya macho hata kama wanaona vizuri, hasa wenye miaka 40 kwenda juu na wenye ndugu wa damu waliougua.

Wapo wasanii walioliona hili vizuri kuliko vitabu vyetu vingine. Mwandishi Jorge Luis Borges wa Argentina, ambaye aliteuliwa mkurugenzi wa Maktaba ya Taifa mwaka 1955 wakati macho yake yameshakwisha, alieleza kwamba rangi aliyoikosa ni nyeusi. Yeye alizoea kulala gizani, na sasa akawa anaishi ndani ya ukungu wa kijani na bluu unaong'aa kidogo, na rangi ya njano ndo iliyomng'ang'ania kwa muda mrefu kuliko nyingine. Halafu kuna Derek Jarman, mwongozaji wa Uingereza, alikuwa anaugua UKIMWI na virusi vimeshambulia retina zake, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, mwaka 1993 akatoa filamu inaitwa Blue ambayo kwa dakika 79 skrini ni bluu tupu, hakuna picha nyingine, unasikia sauti za watu, muziki, kelele za hospitali, basi. Aliiacha dunia mwaka uliofuata. Mi nikitoa elimu kwa wanafunzi wa uuguzi huwa nawawekea dakika kumi za mwanzo, wa kwanza kuchoka huwa anauliza picha inaanza saa ngapi, lakini baada ya muda unawaona wameinamisha vichwa wanasikiliza, na mle ndani hamna giza lolote.

Monet naye ni somo la aina yake. Claude Monet, yule mchoraji Mfaransa wa maua ya maji, aliambiwa ana mtoto wa jicho mwaka 1912, akaogopa kisu, akavuta muda mpaka 1923 ndo jicho la kulia likafanyiwa oparesheni. Katikati ya miaka hiyo aliendelea kuchora daraja lake la bustanini na ukilitazama lile daraja utashangaa, miaka ya nyuma lilikuwa la kijani na bluu tulivu, sasa limekuwa fujo la wekundu na kahawia, hata daraja lenyewe unalitafuta. Mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho iliyopata ukungu, na mara nyingi inageuka njano kuelekea kahawia, inazuia rangi ya bluu isipite, na kwa kuwa inakuja pole pole mgonjwa hajui kwamba anaitazama dunia kupitia kioo kichafu. Baada ya lenzi kutolewa Monet akalalamika vitu vimekuwa vya bluu kupita kiasi, na kweli, jicho lisilo na lenzi linapitisha mwanga ambao zamani lenzi ilikuwa inauchuja. Siku hizi tunaweka lenzi ya bandia hapo hapo na mtu anarudi nyumbani siku ile ile, ila ile hofu ya kisu aliyokuwa nayo Monet bado naikuta kliniki kila wiki, nami siwalaumu wenye nayo.

Nikiulizwa mchoro gani mtaalamu wa macho autazame, nasema wa Pieter Bruegel Mzee wa mwaka 1568, uko Naples. Wanaume sita wasioona wameshikana kwa fimbo na mabega, wa mbele ameshaanguka shimoni, wa pili yuko hewani, wengine wanafuata. Hadithi imetoka Injili ya Mathayo, kipofu akimwongoza kipofu, na kama mfano inanikera, maana inachukua watu wasioona inawafanya alama ya ujinga. Lakini sogea karibu uangalie nyuso. Bruegel hakuchora macho yaliyofumbwa kama wengi walivyofanya kabla yake, kila mtu kampa jicho lake na ugonjwa wake, mmoja ana kovu jeupe kwenye konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, mwingine jicho limesinyaa, mwingine macho yametolewa kabisa. Madaktari wamekaa mbele ya ule mchoro na kutaja magonjwa kama vile wagonjwa wamekaa kwenye kiti. Na vichwa wameviinua juu, wanasikiliza. Yaani yule bwana alikaa akawatazama watu wasioona kwa makini kabla hajawatumia kwenye fumbo lake, na hilo la kuwatazama ndo limekosekana kwa wachoraji wengi waliokuja na huruma tu.

Sasa muvi. Sini inayonichosha kuliko zote ni ile ya kufungua bandeji: daktari anazungusha, kitambaa kinaanguka, mgonjwa anapepesa macho mara mbili, mama! Kwa mtu mzima aliyepofuka kwa mtoto wa jicho hilo linakaribia ukweli, kesho yake asubuhi ukitoa kifuniko anaweza kukutambua na kukucheka nywele. Kwa aliyezaliwa haoni mambo ni mengine kabisa. Mwaka 1688 William Molyneux alimwandikia barua mwanafalsafa John Locke akiuliza, mtu aliyezaliwa kipofu na anajua mpira na mchemraba kwa kugusa, akifunguliwa macho leo ataweza kuvitofautisha kwa kutazama tu? Zaidi ya miaka 300 baadaye watafiti waliofanya kazi na watoto waliotibiwa macho nchini India wakapata jibu, mwanzoni hapana, hawezi, lakini baada ya siku chache anaanza kujifunza. Kuona ni lugha, na anayeanza kuisikia ukubwani hawezi kuiongea siku hiyo hiyo. Mzazi asiyejua hili anakata tamaa wiki ya kwanza, anasema oparesheni imefeli, anaacha kumleta mtoto. Ndo maana ukiona mboni ya mtoto mchanga ina weupe usisubiri akue, mlete wiki hiyo hiyo, ubongo wake una muda mfupi wa kujifunza kuona.

Ila Charlie Chaplin, na hakuwa daktari, alipatia kitu kikubwa kwenye City Lights ya mwaka 1931. Binti muuza maua haoni, yule maskini anayeigizwa na Chaplin mwenyewe anamtafutia pesa za matibabu, binti anapona, na siku wanakutana tena yeye anaona kabisa lakini hamtambui, anamwona kapuku wa barabarani anamcheka kidogo, anampa ua na sarafu. Anamshika mkono amwekee sarafu kiganjani na hapo vidole vinasimama. Vinapapasa. Mkono ndo umemtambua, macho yalikuwa hayana taarifa zozote za huyu mtu. Nimeitazama ile sini mara nyingi na bado nasema hakuna somo la kliniki lililoieleza kumbukumbu ya mguso vizuri hivyo.

Kwenye muziki tatizo limegeuka upande wa pili, huku badala ya giza tunaambiwa kipaji, eti Mungu akifunga macho anafungua masikio. Ni kweli kwamba kwa aliyepofuka utotoni sehemu za ubongo zilizokuwa za kuona huwa zinachukuliwa na kazi za kusikia na kugusa, lakini masikio yenyewe ni haya haya ya kwako na yangu, kilichobaki ni mafunzo na mara nyingi ni kukosa kazi nyingine. Japani kwa karne nyingi wapiga biwa, ala ya nyuzi kama gitaa, wasioona walikuwa na chama chao chenye ngazi na walimu, wakijifunza visa virefu vya vita kwa kichwa. Turlough O'Carolan wa Ireland alipofuka kwa ndui akiwa na miaka 18, akapewa kinubi na miaka kama mitatu ya kufundishwa, kisha farasi na mtu wa kumwongoza, akazunguka kutunga mpaka alipofariki mwaka 1738. Ray Charles alipoteza uoni akiwa na miaka kama saba, inaaminika kwa glakoma, akafundishwa muziki wa nukta nundu, maandishi ya kusoma kwa vidole, kwenye shule ya wasioona huko Florida. Stevie Wonder alizaliwa njiti mwaka 1950, kipindi ambacho watoto njiti walikuwa wanapewa oksijeni nyingi bila watu kujua kwamba inaharibu retina changa. Leo oksijeni inapimwa na njiti wanakaguliwa macho mapema, ukiambiwa umrudishe mtoto kukaguliwa tafadhali mrudishe.

Hebu fikiria kidogo mpiga piano anayesoma nukta nundu. Vidole vinavyosoma ndo vile vile vinavyopiga. Kwa hiyo anasoma mstari kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unajaribu, anakariri, anageuza, anasoma sehemu ya mkono wa pili, anakariri, halafu ndo anaunganisha, na wimbo wote lazima ukae kichwani kabla haujasikika. Mhispania Joaquín Rodrigo, asiyeona tangu akiwa na miaka mitatu, aliandika utunzi wake maarufu wa gitaa na okestra, Concierto de Aranjuez, mwaka 1939 kwa nukta nundu kisha akamsomea mwandishi noti moja moja. Ukishajua hivyo neno kipaji linakuwa dogo, unaona kazi.

Wanaharakati wasioona walishaandamana kupinga muvi, mwaka 2008 huko Marekani ilipotoka Blindness, ambayo mji mzima unapofuka na watu wanageuka wanyama, na mi niko upande wao. Afadhali Majid Majidi wa Iran aliyempa mtoto asiyeona kweli nafasi kuu kwenye filamu yake ya 1999, utaona mtoto anapapasa majani na mawe kwa vidole vyenye haraka na uhakika, hana yale maigizo ya kunyoosha mikono hewani. Shirika la Afya Duniani linasema watu wasiopungua bilioni 2.2 wana shida ya uoni na angalau bilioni 1 kati yao ingezuilika au bado haijatibiwa, ni wengi mno kwa tasnia nzima ya filamu kuendelea kukosa wa kumuuliza.

Yule mzee wa glakoma bado anakuja kuchukua matone yake, kitundu chake cha katikati tumekishikilia. Mara ya mwisho aliniambia ameanza tena kutazama muvi, skrini yote haimuingii kwa mara moja kwa hiyo mjukuu anakaa ubavuni kwake na kila waigizaji wakinyamaza mtoto anamnong'oneza, babu, kasimama, hasemi kitu, anaangalia mlango, kuna mkono unafungua.

Nikamuuliza muvi gani hiyo. Akasema hajui jina, ila mwambie mjukuu wangu asimulie.