Wazee wakisameheana, kesi ya ubakaji haijaisha

Vijiji vya Moshi bado utasikia: mkosaji akishaleta sale na mbege (pombe ya ndizi), wazee wakaridhia, kesi ya mtoto aliyebakwa imeisha. Haijaisha. Sale ni jani la kuombana msamaha, na liheshimiwe kwenye ugomvi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Ubakaji ni jinai: anayeshtaki ni Jamhuri, si baba wala shangazi. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mtu mzima akitiwa hatiani hapati chini ya miaka 30 jela. Kinachoangusha kesi ni mtoto kufichwa kwa ndugu siku ya ushahidi, na hilo linaniuma sana, maana maneno yake peke yake, mahakama ikiyaamini, yanatosha kumtia mtu hatiani.