Mimba ya miezi minne hadi sita: umepata nafuu, ila kliniki usiiache

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kliniki kwetu hapa Mwanza, katokea visiwani, kashuka kivuko asubuhi akaja moja kwa moja. Mimba ya wiki 26, kadi yake ina hudhurio moja tu, la wiki ya 11. Nikamuuliza mama mbona kimya hivi, akanijibu kwa upole, "Nesi, kutapika kuliisha, nikawa nakula vizuri, nikaona mtoto yuko salama, sasa nije kufanya nini?" Nikamfunga mashine ya presha, ikasoma 150 kwa 100, iko juu. Nikampumzisha, nikarudia, ile ile. Nikamvuta kope la chini nione damu, pale ndani peupe kabisa. Na kichwa hakikuwa kinamuuma, miguu haijavimba, yani mwenyewe alikuwa anajiona mzima.

Ndo maana leo nataka tuongelee hii miezi ya katikati, wiki ya 14 mpaka ya 27, maana ndo miezi ambayo kina mama wengi wanatukimbia, na siwalaumu, ukishateseka miezi mitatu na kichefuchefu halafu siku moja ukaamka unatamani sato na ugali, unaona shida imeisha.

Na kweli mengi yanakuwa afadhali. Ile harufu ya dagaa iliyokuwa inakukimbiza jikoni unaizoea tena, nguvu zinarudi, usingizi wa mchana unapungua. Tumbo linaanza kuonekana, na ukifika wiki ya 20 mfuko wa uzazi unakuwa usawa wa kitovu, hapo mkunga akipapasa anaupata vizuri tu. Mtoto naye wiki hiyo ana kama gramu 300, na wiki ya 27 anakaribia kilo moja, kwaiyo ni kipindi ambacho anakua kwa kasi sana na anakula kutoka kwako.

Kucheza kwa mtoto ndo swali ninaloulizwa kila siku. Kama ni mimba ya kwanza mara nyingi unasikia kati ya wiki ya 18 na 20, wengine wanachelewa kidogo, na kama umeshazaa unaweza kusikia hata wiki ya 16 kwa sababu unajua unachosikiliza. Mara ya kwanza siyo teke, ni kama samaki mdogo kajigeuza ndani ya maji, au kama gesi inapita, wengi wanadhani ni gesi kweli. Ila ukifika wiki ya 24 hujasikia kitu, usisubiri tarehe ya kadi, njoo tusikilize mapigo.

Yapo mambo yatakayokusumbua ambayo siyo ugonjwa: kiungulia, choo kigumu, mgongo, misuli ya miguu kukaza usiku, na kale kamaumivu ka kuvuta kinenani ukisimama ghafla, zile ni kano zinazoshika mfuko wa uzazi zinavutika. Mstari mweusi tumboni na mabaka usoni navyo ni vya mimba, mabaka mara nyingi hufifia ukishajifungua, nakuomba sana usiyapake mkorogo, mingine ina zebaki na zebaki inamfikia mtoto. Kulala chali kukikuletea kizunguzungu, lala ubavu, maana tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Sasa tuje kwenye yale yasiyouma, hapa nisikilize vizuri. Sisi tunakaa kando ya ziwa, mbu tunao mwaka mzima. Malaria kwa mjamzito inaweza kujificha kwenye kondo la nyuma, homa huna, hata kipimo cha kidole kinaweza kisione, huku mtoto anakosa chakula na mwisho anazaliwa na uzito mdogo. Ndo maana tunakupa SP, dawa ya kukinga malaria, vidonge vitatu kwa mpigo, unameza pale pale mbele ya nesi, kuanzia wiki ya 13 na kuendelea, dozi na dozi ziachane angalau mwezi mmoja, na tunataka upate dozi tatu au zaidi kabla hujajifungua. Ukiruka miezi hii ya katikati, hizo dozi unazipatia wapi? (Kama unatumia kotrimoksazoli, ile Septrin ya kila siku wanayopewa wanaoishi na VVU, sema, wewe SP hupewi.) Na chandarua lala nacho, usikifanye cha kufugia vifaranga.

Kingine cha kwetu huku ni kichocho. Kina mama wanaofua ziwani, wanaoosha dagaa, wanaochota maji wameingia mpaka magotini, mabuu ya kichocho yanapita kwenye ngozi bila wewe kujua na baadaye unapoteza damu kidogo kidogo kupitia choo. Wengi wanaogopa wanaposikia dawa yake, prazikwanteli, ila baada ya miezi mitatu ya kwanza mjamzito anaruhusiwa kutibiwa. Mwambie nesi unatumia maji ya ziwa, usione aibu.

Vidonge vya kuongeza damu vinafanya choo kiwe cheusi, hiyo ni kawaida. Kinachoharibu ni chai. Ukimeza na chai ya rangi ile madini ya chuma hayaingii vizuri, meza na maji, ukipata chungwa zuri zaidi, chai iache mpaka yapite kama masaa mawili hivi. Chakula chetu kinatosha kabisa kama utakichanganya: dagaa na mifupa yake kwa ajili ya kalsiamu, majani ya kunde, maharage, mayai, michembe na karanga. Udongo wa kununua sokoni acha, na kama hamu yake inakuzidi ujue huenda damu imepungua, njoo upime.

Presha ya mimba inaanza baada ya wiki ya 20, ikifika 140 kwa 90 siyo ya kusema nitapumzika nyumbani, na mkojo lazima upimwe protini. Kama mimba iliyopita ulipata kifafa cha mimba, tueleze mapema sana, kuna aspirini ya dozi ndogo ambayo daktari anaweza kukuanzishia. Altrasaundi nayo ifanyike kabla ya wiki ya 24, inaonesha umri wa mimba, kondo limekaa wapi, na kama ni mapacha. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio 8, na ya wiki ya 20 na 26 yanaangukia humu humu.

Yule mama tulimpeleka hospitali kubwa siku ile ile, alilazwa, presha ikashuka, bado ana mimba yake na sasa kliniki haruki.

Damu ukeni, maji kuvuja, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, homa, degedege, au mtoto aliyekuwa anacheza kapunguza, hayo ni ya kuja saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Kama unakaa kisiwani, ongea na mwenye mtumbwi wa injini sasa hivi wakati una nguvu, namba yake iwe kwenye simu yako na ya baba mtoto, na hela ya mafuta ikae pembeni.