Kuoanisha vipaumbele vya pakiti ni nini?

Gari la wagonjwa likikwama Ubungo saa moja asubuhi, king'ora peke yake hakifungui njia. Anayefungua ni trafiki aliyesimama pale. Akikisikia na kukiamini, anazuia upande mmoja. Asipokijali, litasota na daladala.

Kwenye mtandao, data husafiri kwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Trafiki huyo ni swichi au ruta, vifaa vinavyozipitisha, na king'ora ni namba ya kipaumbele iliyoandikwa kwenye kichwa cha pakiti, yaani sehemu yake ya mwanzo. Namba hizo ni za aina mbili. 802.1p hukaa kwenye lebo ya VLAN (alama inayoonyesha pakiti ni ya kundi gani ndani ya mtandao), ina biti 3, kwa hiyo ni 0 hadi 7. DSCP, iliyowekewa kanuni mwaka 1998, imo kwenye kichwa cha IP (sehemu yenye anwani za pakiti), ina biti 6: 0 hadi 63.

Sasa, swichi haina foleni 64. Nyingi zina nane, nyingine nne. Lazima iwe na jedwali la kuiambia: pakiti yenye namba hii, foleni ile. Huko ndiko kuoanisha. Sauti ya simu za ofisini kwa kawaida hubeba DSCP 46, ambayo kwa biti ni 101110. Chukua tatu za mwanzo, 101, unapata 5. Ndiyo maana 46 ya DSCP na 5 ya 802.1p hukutana mara kwa mara kwenye majedwali haya. Kituko kiko kwenye 802.1p: 1 iko chini ya 0! Sifuri ni pakiti za kawaida, moja ni mizigo isiyo na haraka.

Ila kabla ya jedwali kuna swali la kuaminiana: swichi iiamini namba iliyokuja na pakiti au la, na hapo ndipo mafundi wengi tunateleza. Ofisi moja maeneo ya Posta iliniita: simu zinakatakata kila saa tisa alasiri, kompyuta ya uhasibu inapopakia nakala zake. Walishalipia intaneti kubwa zaidi, wapi! Simu zilikuwa zikiandika 46 bila kosa. Poti za swichi, matundu ya kuchomekea nyaya, ndizo zilizopangwa zisiamini chochote, zikawa zinaibandika kila pakiti 0. Nikaziambia poti za simu ziamini DSCP, basi.

Jedwali haliongezi upana wa njia, lakini. Foleni zikiwa tupu, 46 na 0 hupita sawasawa. Na pakiti ikishatoka getini, mtoa huduma ana jedwali lake. Mara nyingi anaifuta 46 yako na kuandika 0.