Julai ufukweni: makinda ya buabua na pete za miguuni

Wapenzi wengi wa ndege hutembelea hifadhi za pwani za Ulaya Aprili na Mei, kisha Septemba na Oktoba, wahamaji wanapopita kwa makundi. Juni hadi Agosti, kiangazi cha nchi za kaskazini, wengi huona hakuna jipya: ndege wanaatamia, basi. Mimi kazi yangu ni kuvisha ndege pete ya metali yenye namba mguuni, ili akionekana tena ajulikane, na kwangu hiyo ndiyo miezi yenye uzito kuliko yote. Ndege mzima ukimshika safarini, mara nyingi huwezi kusema ana miaka mingapi wala alianguliwa wapi. Kinda ukimkuta kwenye changarawe, hatua chache kutoka kiota chake, unayajua yote mawili.

Tofauti hiyo si ndogo. Katika kisiwa cha Bardsey, Wales, kuna ndege wa bahari wa jamii ya Puffinus puffinus aliyevishwa pete mwaka 1957 na kushikwa tena mwaka 2008, zaidi ya miaka 50 baadaye. Ni habari ya ajabu, lakini siku ya pete alikuwa tayari ni mzima. Umri wake halisi haumo kwenye daftari lolote. Angevishwa akiwa kinda tungeujua hadi mwezi.

Kwa hiyo kiangazi tunaanza na makundi ya buabua. Buabua wa kawaida, Sterna hirundo, hutaga mayai mawili au matatu kwenye kishimo kisicho na matandiko ya maana, huyaatamia kwa wiki tatu hivi, na kinda huweza kuruka akikaribia wiki nne. Toa siku za mwanzo, ambapo pete ingemvuka mguu, toa na za mwisho, ambapo akikuona tu anakimbilia majini: inabaki nafasi ya kama wiki mbili, na ndani yake hali ya hewa lazima ikubali. Mvua ikinyesha hatuingii. Jua la mchana likiwa kali hatuingii, kwa sababu wazazi wakipaa mayai hubaki wazi na changarawe ile huwaka. Wageni huuliza kama tunawasumbua ndege. Ndiyo, tunawasumbua, na utaratibu wetu wote umepangwa ili usumbufu huo uwe mfupi.

Kinda wa buabua akihisi hatari hulala bapa, shingo ameinyoosha mbele, macho wazi, hatikisiki. Madoa yake yanalingana na kokoto kiasi kwamba unaweza kumtazama bila kumwona. Ndiyo maana tunatembea kwa mstari mmoja, hatua fupi, kila mtu akikagua anapokanyaga kabla ya kukanyaga, huku wazazi wakituchapa vichwani kwa midomo. Nikimwokota namlaza mgongo kiganjani, shingo ikipita kati ya kidole cha shahada na cha kati, mguu nikiushika kwa kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono huohuo. Pete huja ikiwa wazi kama herufi C. Naibana kwa koleo lenye tundu la kipimo chake, kwanza mpaka ncha zikutane, halafu nageuza koleo robo na kubana tena. Mwanya wa unene wa unywele unatosha kunasa uzi wa wavu au jani la mwani, na ndege akafa kwa ajili ya uzembe wa mtu. Mwisho naizungusha kwa ukucha: iende huku na huku, ipande na kushuka mguuni bila kukwaruza. Nasoma namba kwa sauti, mwenzangu anayeandika anairudia, ndipo kinda anarudi palepale nilipomtoa.

Metali yenyewe nayo ina maana yake. Alumini ni nyepesi na inafaa ndege wadogo wa nchi kavu, lakini maji ya chumvi na mchanga huila mpaka namba zinafutika. Buabua anaweza kuishi zaidi ya miaka 30, kwa hiyo ndege wa baharini huvishwa pete za chuma kigumu kisichoshika kutu. Ndege wa matopeni mara nyingi huvishwa juu ya kiungo cha mguu, mahali ambapo tope halisugui sana na mtu mwenye darubini anaweza kuiona.

Baada ya hapo huja kimya, na mtu mgeni katika kazi hii hukata tamaa. Buabua wachanga wa Ulaya huenda zao pwani ya Afrika Magharibi, na wengi hawarudi kiangazi kinachofuata. Hubaki hukohuko kusini mwaka wao wa kwanza mzima. Huanza kuonekana tena wakiwa na miaka miwili, na kuzaa mara nyingi ni mwaka wa tatu au wa nne. Ukihesabu mafanikio ya hifadhi kwa kuangalia idadi ya viota vya mwaka huu, unaangalia matokeo ya viangazi vya zamani. Mbweha akila makinda yote mwaka huu, viota havitapungua mwakani, vitapungua miaka mitatu mbele, na bila pete hakuna atakayeunganisha mambo hayo mawili. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za kuendelea na kazi hii kila mwaka bila kuruka.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Kiangazi cha 1982, kinda wa buabua wa Aktiki, Sterna paradisaea, alivishwa pete katika visiwa vya Farne, Uingereza, akiwa bado hajaweza kuruka. Oktoba ya mwaka huohuo alikuwa Melbourne, Australia, safari ya zaidi ya kilomita 22,000. Mwili wake mzima ni kama gramu 100.

Wakati makinda bado yanalala kwenye changarawe, matopeni upande wa pili wa hifadhi msimu wa kuhama umeshaanza. Watu hawaniamini nikisema Julai mapema ni safari ya kusini, lakini nenda maji yakijaa, wakati chamchanga, ndege wa matopeni, wanapofukuzwa na maji na kujikusanya kwenye ukingo mkavu. Utawaona Calidris ferruginea, wenye mdomo uliopinda, kifua na tumbo bado vyekundu kama matofali. Hao wa kwanza ni madume. Katika jamii hii dume haatamii, na akimaliza shughuli yake kule Siberia anaondoka. Majike hufuata, na wachanga huja peke yao mwishoni mwa Agosti na Septemba, bila mzazi wa kuwaonyesha njia.

Umri wao husomwa kwenye manyoya. Chamchanga mzima wa Julai manyoya yake yamelika: ncha za mabawa zimepauka na kuchakaa kwa miezi ya jua na upepo, na mengine tayari yanadondoka kupisha mapya. Ndege mchanga manyoya yake yote yameota kwa wakati mmoja, kwa hiyo yamelingana, kila moja na ukingo wake mweupe safi. Ukishajifunza kuliangalia hilo, unaweza kukadiria kwa darubini ni wangapi katika kundi walizaliwa mwaka huo. Wachanga wakiwa wachache sana, kule Aktiki mambo hayakwenda vizuri.

Agosti tunahamia kwenye matete. Hapo kazi ni ya alfajiri, kwa nyavu nyembamba mno ambazo ndege hazioni. Nyavu za aina hii zilitoka Japani, zikaanza kutumika Uingereza miaka ya 1950, na kazi ya pete ikabadilika kabisa. Tunazikagua mara kwa mara, na upepo ukizidi tunazikunja. Ndege ninayempenda hapa ni Acrocephalus schoenobaenus, kijindege cha matete chenye mstari mweupe juu ya jicho. Kwa kawaida ana gramu 10 hadi 12. Akipuliziwa manyoya ya kifuani yakaachana, unaiona ngozi yake nyembamba, na chini yake mafuta ya manjano yamejaa kwenye shimo la koo na kutanda tumboni. Amekuwa akila vidukari vya matete mchana kutwa. Wengine hufika karibu gramu 20, na ndege wa namna hiyo anaweza kuondoka jioni akavuka bahari na Sahara bila kutua sana njiani.

Naulizwa kama setilaiti hazijaiua pete. Mwaka 2022 ndege mchanga wa Limosa lapponica, jamii ya ndege wa matopeni, mwenye umri wa miezi mitano hivi, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11 bila kutua. Pete isingetuambia hilo. Lakini kifaa hufungwa kwa ndege wachache, kina gharama kubwa, na hakifai kuzidi asilimia chache ya uzito wa ndege. Pete ni kazi iliyoanza 1899, pale mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alipowavisha kwezi pete za alumini zenye namba, na namba za leo zinaweza kuwekwa kando ya zile za babu zetu. Mbayuwayu aliyevishwa Uingereza Mei 1911 akaokotwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912, na hilo liliwezekana kwa sababu aliyemwokota aliandika barua.

Bado tunamtegemea mtu wa namna hiyo. Ukimkuta ndege aliyekufa mwenye pete, usimguse kwa mkono mtupu. Mafua ya ndege yameua maelfu ya buabua katika makundi ya kutagia ya Ulaya. Piga picha ya pete pande zote, andika mahali na tarehe, na utume kwa anwani iliyochorwa kwenye metali hiyo. Akiwa hai usimfukuze wala usijaribu kumvua pete. Kama ana pete za rangi, andika rangi kwa mpangilio, kutoka juu kwenda chini, mguu wa kushoto na wa kulia wa ndege mwenyewe, si wako wewe unayemtazama.