Glioblastoma: Seli za Kinga Zikijaa Kwenye Uvimbe, Mgonjwa Huishi Zaidi?

Glioblastoma ni ugonjwa gani?
Ni saratani inayoanzia ndani ya ubongo wenyewe, tena kali mno. Hupenyeza mizizi katika sehemu za ubongo zisizo na ugonjwa, hivyo upasuaji peke yake haumalizi kazi. Hufuatiwa na mionzi na temozolomaidi, dawa ya kuua seli za saratani. Katika utafiti maarufu wa mwaka 2005, nusu ya waliopata mionzi pamoja na dawa hiyo waliishi zaidi ya miezi 14.6, kwa waliopata mionzi tu, ilikuwa miezi 12.1.

Kwani kinga ya mwili haiuoni uvimbe huo?
Huuona, na huingia. Kipande cha uvimbe kikipimwa maabara, theluthi moja ya seli zilizomo, pengine zaidi, zaweza kuwa si za saratani bali makrofaji na maikroglia, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa.

Si habari njema hiyo?
Ingekuwa njema kama zingepigana. Saratani huzirubuni kwa kemikali, zikageuka askari waliohongwa: husaidia mishipa mipya ya damu kuota na huzizuia seli T, seli nyingine za kinga ambazo ndizo zenye uwezo wa kuua saratani. Ndiyo maana tafiti kadhaa zimeona kwamba seli hizo zilizogeuzwa zikiwa nyingi, wagonjwa huishi muda mfupi zaidi.

Na seli T zenyewe ziko wapi?
Ni chache, na zilizofika huwa zimechoka. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kuwa nyingine hunaswa kwenye uboho wa mifupa. Seli T zikiwa nyingi ndani ya uvimbe, baadhi ya tafiti huonyesha maisha marefu zaidi, lakini si zote. Kwa maoni yangu, hesabu ya seli peke yake isitumike kumtabiria mgonjwa. Umri, kiasi cha uvimbe kilichoondolewa na vinasaba vya uvimbe huo vina uzito mkubwa.

Dawa za kuamsha kinga je?
Nivolumabu ilijaribiwa kwa wagonjwa ambao uvimbe ulirudi, ikalinganishwa na bevasizumabu, dawa inayozuia mishipa mipya ya damu kuota. Haikurefusha maisha.

Nimesikia deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, hudhoofisha kinga. Niiache?
Hapana, usiiache ghafla. Ni kweli huzipunguza nguvu seli T, lakini ndiyo inayoondoa maji yanayoukandamiza ubongo. Ukiikatisha, maumivu ya kichwa na kutapika vyaweza kurudi, na mwili unaweza kukosa homoni uliyoacha kuitengeneza. Muulize daktari kama dozi inaweza kushushwa kidogo kidogo.