Sindano za Kupunguza Uzito: Zinachofanya na Kinachobaki Mikononi Mwako

Wagonjwa wengi wanaofika kliniki ya kisukari siku hizi wanaulizia ile sindano ya kupunguza mwili. Wameisikia kwa ndugu aliye Dubai au wameiona mtandaoni, na wengine wameshaagiza. Swali hilo linastahili jibu la heshima. Unene uliopitiliza ni ugonjwa, na anayetafuta tiba yake hapaswi kuitwa mvivu wala mlafi.

Sindano zinazotajwa sana ni za semaglutaidi, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, na tirzepataidi, yaani Mounjaro. Zinaiga homoni ya GLP-1 ambayo utumbo huitoa tukishakula. Chakula hukawia tumboni, kongosho hutoa insulini sukari inapopanda, na ubongo hupata taarifa ya shibe mapema. Zinafanya kazi kweli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watu wanene wasio na kisukari waliochoma semaglutaidi kila wiki kwa wiki 68 walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao. Waliopewa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Mwaka 2023, utafiti wa watu zaidi ya 17,000 wenye uzito mkubwa na maradhi ya moyo au mishipa ulionyesha hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha moyo ikishuka kwa asilimia 20. Anayesema hizi ni dawa za urembo tu anakosea.

Ila wauzaji hawakuelezi yanayofuata baadaye. Baadhi ya washiriki wa utafiti ule wa 2021 walifuatiliwa walipoacha dawa, na ndani ya mwaka mmoja theluthi mbili ya uzito walioupunguza ilikuwa imerudi. Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni misuli. Mwili ukipungua haraka, misuli nayo huondoka pamoja na mafuta, na misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo. Mzee wa miaka 65 aliyepungua kwa dawa bila kufanya mazoezi, kisha uzito ukarudi kama mafuta, anaweza kubaki dhaifu kuliko alivyoanza.

Ndiyo maana sikubali swali la "sindano au mazoezi". Mwaka 2002 Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi kama kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Kwa waliopewa metformini, dawa ya kisukari ya vidonge, ilishuka kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na ushee. Bado ni mnene, lakini damu yake imeshabadilika. Msuli uliofanya kazi huvuta sukari hata kama mzani haujasogea.

Kwa hiyo anayetumia sindano anahitaji mazoezi na lishe kuliko asiyetumia. Hamu ya chakula ikiwa ndogo, anza na maharage, dagaa, mayai au samaki, kisha mboga, ndipo ugali au wali. Ugali si adui. Tatizo ni ukubwa wake sahanini na soda inayousindikiza, kwani chupa moja ya mililita 350 inaweza kuwa na gramu 35 za sukari. Keti kitini na kusimama mara kadhaa bila kujishika, panda ngazi, beba ndoo yako.

Dawa iandikwe na daktari na inunuliwe kwenye duka la dawa lililosajiliwa. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia. Hata iliyo halisi, kabla ya kuanza kutumika hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, hivyo iliyosafiri mkobani juani usiiamini. Mjamzito asitumie, na anayepanga mimba aache semaglutaidi miezi miwili kabla. Mweleze daktari kama katika familia kuna saratani ya tezi ya shingo. Kichefuchefu na kufunga choo ni kawaida mwanzoni. Maumivu makali ya tumbo la juu yanayokwenda hadi mgongoni, pamoja na kutapika, yanaweza kuwa ya kongosho: usichome dozi inayofuata, nenda hospitali siku hiyohiyo.