Kwenda Camino na mwenzako: mnachoamini na hali ilivyo huko njiani

Watu wawili wakiniambia wanapanga kwenda kutembea Camino de Santiago, ile njia ya hija inayoishia mji wa Santiago de Compostela kule Hispania, mi huwa siwaulizi viatu wala begi, nawauliza mmekubaliana mtakuwa mnaachana wapi na mnakutana wapi. Wengi wanashtuka, maana wanaamini kwenda pamoja ni kutembea bega kwa bega kuanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa, mpaka mlangoni kwa kanisa kuu la Santiago, kilometa kama 780 hivi, na kwa maoni yangu hiyo ndo dhana inayoharibia watu safari kuliko zote.

"Tumekuja wote, tutembee wote." Hapana jamani. Kila mtu ana mwendo wake na huwezi kuazima mwendo wa mwenzako siku nzima, tena kesho yake na keshokutwa. Chukulia mteremko wa kutoka Alto del Perdón, ukishapita Pamplona. Pale juu kuna upepo mkali na zile sanamu za chuma za mahujaji, kila mtu anapiga picha, raha tupu, halafu mnaanza kushuka kwenye mawe yaliyolegea yanayosogea chini ya soli. Mmoja anashuka bila shida, mwingine anaweka fimbo, anapima jiwe, anaweka mguu, anapima tena. Sasa yule wa mbele akisimama kila baada ya dakika mbili anageuka nyuma kumwangalia mwenzake, yule wa nyuma anaona aibu, anaanza kukimbizana na mawe, na hapo ndo mtu anateguka kifundo cha mguu. Bora wa mbele ashuke zake mpaka Uterga, akae, avue viatu, asubiri. Mishale ya manjano ya kuonyesha njia ipo njia nzima, ile aliyoanza kuipaka padri Elías Valiña wa O Cebreiro miaka ya 1980, kwa hiyo kupotea sio rahisi.

"Malengelenge yanaletwa na viatu vibaya." Viatu vinachangia, sikatai, ila lengelenge ni msuguano ukichanganyika na joto na unyevu, hata buti la bei mbaya litakutoa lengelenge kama soksi imelowa jasho na wewe unaendelea tu. Dawa ni kusimama pale pale unapohisi sehemu ya kisigino inaanza kupata moto, unavua, unakausha mguu, unabandika plasta, unabadilisha soksi, dakika tano umemaliza. Tatizo ukiwa na mtu unajisemea ngoja tufike kijiji kile nisimcheleweshe, kumbe kijiji kile ni saa nzima mbele na ukifika ngozi ishainuka. Ndo maana nasema wekeaneni sheria moja, mmoja akisema simama, mnasimama, hakuna kuulizana kwa nini wala kukunja uso.

"Nina mwenzangu, sihitaji kubeba kila kitu." Chaja moja sawa, sabuni moja sawa, inapunguza uzito kweli. Ila maji, hela, plasta na ile pasi ya hujaji, credencial, kila mtu abebe yake mwenyewe. Pasi ndo inakuruhusu kulala kwenye albergue, yaani hosteli za mahujaji, na ndo inayogongwa mihuri, sasa mkitengana mchana na pasi zote mbili ziko kwenye begi la mmoja, mwingine atajieleza vipi pale mapokezi?

Na hapo hapo kuna ile ya "we tangulia unishikie kitanda". Albergue nyingi za manispaa hazibukiwi kabisa, anayefika kwanza ndo anapata, na kujiandikisha ni kila mtu na pasi yake. Kama mmoja wenu ni wa mwendo wa taratibu, siku hiyo pigeni simu albergue binafsi, nyingi zinapokea kubuku. Taa huzimwa kama saa nne usiku na saa mbili asubuhi mnatakiwa muwe mshatoka, kwa hiyo na maongezi marefu ya kitandani sahauni.

"Mwenzangu sio mtu wa dini, hatapewa cheti." Anaruhusiwa kutembea kama yeyote yule. Aliyekwenda kwa sababu za imani au za kiroho anapewa Compostela, ile iliyoandikwa Kilatini, na asiye na sababu hizo ana cheti chake kingine cha kumkaribisha. Mwaka 2024 waliopewa Compostela walikuwa karibu 500,000, na sababu zao sio za aina moja. Cha muhimu usimburute misa kila jioni, na yeye asikucheke ukisimama Cruz de Ferro, ule msalaba wa chuma ambapo mahujaji huacha mawe, kuweka jiwe lako.

"Tukikaa kimya tumegombana." Subirini mfike Meseta, kati ya Burgos na León, tambarare siku baada ya siku, mashamba ya ngano pande zote. Hata marafiki wa kufa na kuzikana maneno yanaisha pale, na ni kawaida kabisa.

Ya mwisho inaniuma kwa sababu inafanya watu warudi nyumbani bure: "mmoja akiumia akapanda basi, ndo basi tena, safari imeharibika." Kwa waendao kwa miguu, Compostela inataka kilometa 100 za kutembea (baiskeli ni 200), ndo maana wengi huanzia Sarria, kama kilometa 115 kutoka Santiago. Kwa hiyo goti likigoma huko La Rioja, kabla hamjafika Burgos, mgonjwa apande basi atangulie, apumzike hata siku tatu nne, mwingine atembee, mkutane Burgos au León. Begi nalo si lazima mgongoni, kuna huduma za kulihamisha kutoka albergue moja hadi nyingine kwa euro chache. Ila mkishafika Sarria hapo ni miguu tu, mihuri miwili kila siku, na kama goti bado halijakaa sawa tembeeni kilometa kumi kumi, hakuna sheria inayosema mmalize kwa siku ngapi.